Moja, Tatu, Nne, Mbili

Fundi Msellem hana pupa.
Huachia klipu ya kushoto, klipu ya kulia,
kisha huinua kifuniko cha distribyuta
kama mtu anayefunua kawa
aone jirani kaleta nini.

Leo jirani kaleta aibu:
kwa ndani, kutoka nguzo hadi nguzo,
mstari mweusi mwembamba, njia ya sisimizi.
"Moto wako unapotelea hapa," akasema.
"Masika yakitia unyevu, unapita njia ya mkato,
silinda ya pili inalala na njaa."

Mimi ndiye wa pili kwetu.
Sikumwambia.

Datsun hii ilikuwa ya baba.
Imebeba karafuu hadi springi zikanyooka zisirudi tena,
imebeba bibi harusi wa Kengeja, mbuzi wa akika,
na baba mwenyewe, usiku ule, kwenda hospitali.
Walipokaa kugawa mirathi
nilikuwa skuli, nasimamia mtihani.
Mbwana akapata mikarafuu ya Vitongoji,
Riziki nyumba, Sleyum kile kiwanja cha Machomanne.
Niliporudi nilikuta ufunguo juu ya sahani.

Miaka sita fundi kanisugulia platini kwa msasa,
akipima mwanya kwa kipande cha kadi ya harusi
maana geji yake iliibiwa.
Leo kaishika shafti kwa vidole viwili, kaitikisa.
Ikacheza kama jino bovu.
"Bushi imekwisha, mwalimu.
Platini nitaisugua hata mpaka kiyama,
lakini mkono unaogawa ukitetemeka,
pishi na iwe sahihi vipi,
kuna mtu atakwenda nyumbani na pungufu."

Unguja, dukani, walicheka: gari ya mwaka gani hiyo?
Nikaipata Wete, Limbani, nyuma ya jiko la Bi Chumu:
Datsun pacha, haina magurudumu, haina milango,
kuku katamia kwenye kiti cha dereva.
Alitaka elfu arobaini.
Nikatoa thalathini na kilo mbili za sukari,
na sharti lake: kuku asishtuliwe.
Tukafungua bolti kimyakimya
kama wezi wa viatu msikitini.

Saa kumi alasiri. Fundi kaomba chaki,
nikatoa nyekundu mkobani.
Kaweka alama pale rota ilipoelekea.
"Usiguse ufunguo! Injini ikizunguka hata kidogo
tumepoteza kibla."
Ya zamani ikatoka, nyeusi kwa mafuta, nyepesi kuliko nilivyodhani.
Ya Bi Chumu, imeoshwa kwa petroli na mswaki,
ikagoma kuingia, mara moja, mara mbili,
mpaka ulimi wake ukaupata mfuo.
Ulimi huo, alinionyesha, hauko katikati;
kuna upande mmoja tu unaokubali.

Kisha nyaya. Akazihesabu kwa sauti ya chuoni:
moja, tatu, nne, mbili.
"Kwa nini mbili mwisho?"
"Nani kasema mwisho? Inazunguka."
Hakuongeza neno. Alikuwa na spana mdomoni.

Nikawasha. Ikakohoa, ikatema moshi, ikakubali.
Akaizungusha distribyuta kwa ncha za vidole,
unywele huku, unywele kule,
kama anayetafuta stesheni kwenye redio ya mbao,
mpaka kelele zikawa sauti.
Akakaza.

Magharibi nikapita njia ya Vitongoji, si njia yangu.
Mbele ya kwa Mbwana nikapunguza mwendo.
Sikusimama. Sikupiga honi.
Lakini injini hii anaijua tangu tulipokuwa
tukigombea kiti cha mbele, wote wanne.
Taa ya barazani iliwashwa
nikiwa nishafika kona.